Maneno Yaliyokuwa ya Sellah

Ukiuliza mjini Kitale nani anafundisha Kijerumani, utaonyeshwa ngazi za saruji kando ya duka la mbegu na dawa za mifugo. Panda. Juu kuna mlango wa kijani, na nyuma ya mlango kuna Rosaline Wacera, mwalimu, mke wa Gicheru, mama wa watu wazima watatu, mtu wa kanisa tangu utotoni. Amefundisha wauguzi zaidi ya mia moja, na wengi wao sasa wako Ujerumani wakigeuza wazee vitandani na kutuma picha za theluji. Ukimsifu kwa hayo atakushukuru. Ukimwuliza mbona siku hizi hasimami kanisani kutoa ushuhuda, yeye ambaye zamani mwezi haukupita hajasimama, atatazama chini na kukukaribisha chai.

Sababu ni Sellah Barasa. Na tuiseme kama ilivyo, bila kumwonea Wacera na bila kumvika kilemba cha ukoka. Alimsaidia yule dada kuliko mwalimu mwingine yeyote. Kisha akamharibia jambo moja tu, na jambo hilo ndilo Sellah alilokuwa akilitaka kuliko Ujerumani yenyewe.

Sellah alianza masomo Januari ya mwaka juzi. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu, muuguzi katika kliniki ndogo pale Kiminini, kwao ni Myanga, kule Bungoma. Mrefu, nadhifu, viatu vyeupe hata msimu wa matope. Walikuwa wanafunzi kumi na mmoja darasani, na kama ilivyo desturi, somo la kwanza lilikuwa lile lile la kila lugha: simama, sema jina lako, sema kwenu, sema una nani nyumbani. Ndugu wangapi, watoto wangapi. Wenzake wakasimama wakagongagonga maneno, wakacheka, wakakaa. Sellah akasimama. Akasema jina. Akasema Myanga. Alipofika kwenye familia akakwama, jasho likamtoka juu ya mdomo, akakaa bila kumaliza.

Wiki ya pili ikawa hivyo hivyo. Wiki ya tatu zamu yake ilipokaribia aliomba kwenda choo na akabeba mkoba, na mtu anayekwenda choo na mkoba hana nia ya kurudi.

Wacera ni mwalimu wa zamani, wa chaki na sauti kubwa. Alifundisha shule za sekondari miaka ishirini na sita kabla ya kufungua darasa lake, na mdomo wake haukustaafu pamoja naye. Sellah alipotokea siku iliyofuata, akamwuliza mbele ya wote, "Sellah, umejaza maji mdomoni? Ujerumani mgonjwa hatakungoja upate pumzi." Darasa likacheka. Wacera naye akacheka. Mpaka leo hapendi kukumbuka kicheko kile.

Jioni hiyo akasahihisha mtihani wa kuandika. Karatasi ya Sellah ilikuwa ya kwanza, na aliyemfuata alikuwa nyuma kwa alama kumi na saba. Wacera akaisoma mara mbili, akadhani ameibia, akakumbuka kwamba alikaa peke yake dirishani. Hapo akaona aibu. Huyu hakuwa mzito wa akili hata kidogo. Huyu alikuwa anaogopa, na yeye mwalimu mzima alikuwa amesaidia kumwogopesha.

Akamwita awe anakuja saa moja kabla ya wenzake. Siku ya kwanza Sellah alikaa pembeni kabisa ya kiti, mkoba mapajani, tayari kukimbia. Wacera hakufungua kitabu. Akamwomba apike chai, maana kwenye kona ya darasa kuna meko ya gesi na sufuria. Huku Sellah akipika, Wacera akawa anataja vitu kwa Kijerumani bila kumwangalia: maziwa, majani, moto, kikombe. Sellah akarudia akiwa amempa mgongo. Chai ilipoiva walikuwa wametaja vitu ishirini na hakuna kosa lililosemwa. Wakanywa, na Wacera akamwambia aje kesho tena.

Akajiwekea sheria. Hatakaa mbele ya Sellah, atakaa kando yake. Hatashika kalamu nyekundu. Na Sellah akikwama, atahesabu moyoni mpaka kumi na tano kabla ya kumsaidia neno. Kwa mtu wa mdomo kama Wacera, kuhesabu mpaka kumi na tano ni mateso ya kweli. Alihesabu. Kuna siku alihesabu huku amejiuma ulimi.

Mwezi wa tatu akagundua siri nyingine. Mwanafunzi mmoja alishikwa na kizunguzungu darasani, na Sellah, yule yule wa kujificha chooni, akavuka darasa kwa hatua tatu, akamlaza, akainua miguu yake, akaagiza dirisha lifunguliwe na watu wasogee. Sauti ilikuwa kavu na ya mtu anayejua kazi yake. Wacera akajiambia, kumbe sauti anayo, ila inakaa kwenye mikono.

Kesho yake akalala juu ya benchi, akajifunika leso mpaka kidevuni, akamtangazia Sellah kwamba Wacera ametoka na aliyebaki hapa ni Frau Krüger, ajuza wa miaka themanini na minne, nyonga imevunjika na hana shukrani. Akaanza kulalamika kwa Kijerumani. Sellah akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akavuta kiti, akamwuliza yule ajuza anaumwa wapi.

Kwa Frau Krüger, Sellah hakuwa na hofu. Wacera akampa bibi huyo tabia mbaya zote alizowahi kuziona kwa wagonjwa: anakataa dawa, anadai chai imepoa, anamsingizia muuguzi kwamba ameficha miwani. Kufikia mwezi wa tano Sellah alikuwa anamgombeza kwa Kijerumani na kumrudishia mto kichwani. Darasani pia alianza kunyoosha mkono. Akiulizwa habari ya kazi, ya soko, ya hali ya hewa, anajibu. Ni familia tu iliyokuwa bado, na Wacera alikuwa na busara ya kutoigusa.

Mpaka Jumatano moja ya Juni. Mvua ilikuwa inanyesha, bati linapiga kelele. Sellah alikuwa ameshika kifundo cha mkono wa Frau Krüger akipima mapigo. Wazee wote duniani huwauliza wauguzi swali moja, na Frau Krüger akaliuliza: una watoto? Wacera huapa kwamba hakuwa na nia yoyote, lilimtoka tu kama linavyomtoka mgonjwa.

Sellah hakuachia mkono. Wacera akahesabu kumi na tano, akapita, akafika thelathini.

"Ja," Sellah akasema. "Ich habe eine Tochter." Ndiyo, nina binti. Kisha polepole, kama mtu anayevuka daraja la mbao: "Sie weiß es nicht." Hajui.

Akaendelea, kwa Kijerumani cha miezi mitano, vitenzi vikibaki nyuma na nomino zikitangulia. Alizaa akiwa na miaka kumi na saba, kidato cha tatu. Mama yake akamchukua yule mtoto na kuwaambia watu ni wake, kitinda mimba. Baada ya miezi minne Sellah akapelekwa shule nyingine, kifua kimefungwa kwa leso ndani ya sweta ili maziwa yasionekane. Mtoto akakua akimwita dada. Jina lake Pauline, sasa yuko kidato cha pili. Kila lugha ambayo Sellah amewahi kufundishwa inaanza kwa swali lile, una nani nyumbani, na kwa kila lugha amejibu uwongo. Zile za zamani ameshazoea kudanganya nazo. Hii mpya ilikuwa imegoma.

Wacera hakuamka kutoka benchini. Machozi yalikuwa yanamteremka kuingia masikioni. Hakusahihisha kitenzi hata kimoja.

Sellah alipomaliza akageukia Kiswahili. "Madam, hii sijawahi ambia mtu. Kwa Kiswahili haitoki. Kwa Kibukusu ndio kabisa, kila neno mama yangu ako ndani. Lakini hii ya Wajerumani hakuna mtu wetu anasikia. Ni kama nimepewa chumba iko na kufuli."

"Na Pauline?"

"Akifunga shule Desemba nitamwambia. Mimi mwenyewe, kabla niende. Hata kama atanichukia, nataka asikie kwa mdomo yangu, si kwa mtu. Hapa nafanya mazoezi tu." Akanyoosha leso juu ya miguu ya Wacera. "Si huwezi ambia mtu, Madam?"

"Nimwambie nani mimi?" Wacera akasema, na alikuwa anasema ukweli kadiri alivyoujua siku hiyo.

Tangu hapo kila Jumatano Frau Krüger aliuliza na Sellah akajibu, na kila mara jibu likawa refu na nyoofu zaidi. Mwezi wa saba wakaanza kulivusha kwenye Kiswahili. Hiyo ilikuwa kazi. Sellah angesema, "Pauline, mimi," halafu akaenda kuosha kikombe kilichokwisha kuoshwa. Siku ya mwisho kabla ya mtihani wa Kijerumani wa Nairobi alisimama akitazama ukuta, akasema yote kwa pumzi moja: "Pauline, mimi si dada yako. Mimi ni mama yako, na hakuna siku nimesahau." Kisha akakaa chini. Wacera akamshika bega, wakakaa hivyo mpaka wenzake walipoanza kupanda ngazi.

Mtihani aliupita. Matokeo yalitoka Ijumaa moja ya Agosti, na sehemu aliyopata alama nyingi kuliko zote ilikuwa kuzungumza. Kuzungumza, jamani. Sellah alipiga simu akicheka na kulia, na Wacera akakaa chini pale pale dukani alipokuwa ananunua sukari, akalia naye. Safari ikawa ya Januari.

Sasa hapa lazima ujue Wacera alilelewa vipi, la sivyo utamwita mmbea, na mmbea hakuwa. Alizaliwa Kachibora, kwa mzee Gathii, aliyetoka Nyeri na jembe na Biblia akalima mahindi mpaka akawa na shamba lake. Katika boma la Gathii, jema lisilosemwa mbele ya watu lilihesabiwa kuwa limeibwa kwa Mungu. Ng'ombe akizaa, Jumapili Gathii anasimama. Mvua ikija kwa wakati, anasimama. Wacera akiwa na miaka kumi na miwili aliugua malaria akakaribia kufa, na alipopona akaona haya kusimama kanisani. Baba yake alimwuliza njiani, bila ukali, "Utakula wema wa Mungu peke yako?" Swali lile lilimkaa. Kuanzia hapo hakuwahi kupokea jema akakaa kimya nalo. Mmbea hujua anachofanya. Wacera alidhani anamshukuru Mungu.

Jumapili ile baada ya matokeo, Mchungaji Gikonyo alipouliza nani ana ushuhuda, alikuwa wima kabla ya swali kuisha.

"Bwana asifiwe."

"Amina."

"Mimi ni Rosaline, nimeokoka, na nampenda Bwana. Niko na mwanafunzi. Jina sitataja."

Angekaa hapo. Angesema Mungu amefungua kinywa cha mtu, akakaa, na leo hii pasingekuwa na cha kusimulia. Lakini ushuhuda una njaa yake. Unasema kidogo, watu wanaitikia, unaona bado hawajaona ukubwa wa jambo, unaongeza. Akasema ni muuguzi. Amina. Akasema anatoka Myanga, alikuja hawezi kutamka hata neno. Amina. Akasema amepita mtihani na Januari anapanda ndege. Vigelegele. Na baada ya hapo ilibidi waelewe alikuwa amefungwa na nini, kwa sababu mtu haelewi fundo limefunguliwa kama hajaliona fundo. Akawaambia. Akawaambia juu ya kidato cha tatu, na bibi aliyejifanya mama, na leso ndani ya sweta. Alipofika mwisho akageuza sauti yake ikawa ndogo, akasema, "Na siku hiyo akasema, mimi si dada yako, mimi ni mama yako."

Wanawake walisimama. Wengine walilia waziwazi. Mpiga kinanda akaanza bila kuambiwa. Na pale mbele, juu ya vyuma vyake vitatu, simu ya kanisa ilikuwa inarusha ibada kwenye Facebook kama kila Jumapili, kwa ajili ya wagonjwa na walio mbali. Wacera alijua iko pale. Aliizoea kama alivyouzoea msalaba.

Walipokuwa wakirudi nyumbani kwa miguu, Gicheru mumewe, mtu wa maneno machache, akauliza, "Yule msichana alikuruhusu?"

"Sikutaja jina."

Gicheru akatembea kidogo. "Myanga kuna wauguzi wangapi wanaoenda Ujerumani Januari?"

Wacera akasimama barabarani. Akatoa simu akampigia mchungaji, na kabla ya saa kumi video ilikuwa imefutwa. Lakini mama mmoja wa pale kanisani, anayeuza nguo za mitumba mpaka masoko ya Bungoma, alikuwa tayari ameikata dakika nne na kuituma kwa kundi la wenzake na maneno mawili chini yake: Mungu mkuu. Naye hakuwa na ubaya. Katika habari hii yote hakuna aliyekuwa na ubaya, na ndiyo maana Wacera hapati hata mtu wa kumkasirikia.

Jumatatu kipande kile cha video kikafika Myanga. Shule zilikuwa zimefungwa. Pauline alikuwa ametumwa kusaga mahindi, na alipojiunga na foleni ya kinu wanawake wakanyamaza wote kwa pamoja. Msichana mmoja wa darasa lake, akidhani Pauline anajua, akampa simu aone. Akaitazama mara mbili. Kisha akangoja zamu yake, akasagiwa unga, akaubeba kwenda nyumbani.

Hayo Wacera aliyajua baadaye. Jumanne asubuhi simu yake ililia na jina lilikuwa la Sellah. Akapokea akiwa na maneno kumi ya kujitetea tayari ulimini. Hakupata nafasi ya hata moja.

"Frau Wacera," Sellah akasema, "Sie haben es übersetzt."

Mwalimu, umeitafsiri. Sentensi ilikuwa safi, kila kitu mahali pake, sauti haikutetemeka. Kisha simu ikakatika. Mwalimu mwingine angefurahi kusikia mwanafunzi wake akisema vile, na Wacera anakiri kwamba kabla ya maumivu kumfika, sikio lake la ualimu lilisahihisha sentensi na halikukuta kosa. Hata hilo analijutia.

Alipiga simu, haikupokelewa. Akaandika ujumbe mrefu, akafuta, akaandika mfupi, haukujibiwa. Siku ya tatu Gicheru akamwambia, "Nenda. Maandishi yameshakuwa mengi." Jumamosi akanunua sukari, majani, mkate na mafuta ya kupikia, akavitia kwenye kiondo chake, akaenda Myanga.

Mama yake Sellah, wanayemwita Mama Walubengo kwa jina la kifungua mimba wake, alimpokea mlangoni kwa mikono miwili. Watu wa Bungoma hawafukuzi mgeni. Akapewa kiti kizuri, chai ya maziwa, na njugu kwenye sahani. Kuku hakuonekana wala kusikika.

"Mwarimu," Mama Walubengo akasema, "kwetu mgeni ni kuku. Reo utanisamehe."

"Mama, nimekuja kuomba msamaha mimi."

"Mimi ndiye nilidanganya watu. Miaka kumi na sita. Nilidanganya ndio huyu asome na huyu mwingine asichekwe. Nilikuwa najua iko siku. Lakini nilidhani tutakuwa sisi watatu ndani ya hii nyumba, mlango umefungwa." Akasogeza sahani ya njugu karibu na Wacera. "Kumbe ni kanisa mzima. Kula, mwarimu."

Wacera akala njugu moja.

Sellah akatoka chumba cha nyuma. Amevaa gauni la nyumbani, macho yamevimba. Akampa mwalimu wake mkono, akakaa upande wa pili wa meza. Wacera akaomba msamaha. Aliomba vizuri, bila visingizio, akilia, akisema alichukua kitu ambacho hakikuwa chake. Sellah akasikiliza mpaka mwisho.

"Nimesikia, Madam," akasema. "Asante kwa kunifundisha." Akaomba ruhusa akaenda kuanua nguo.

Huo ndio mwisho wa mazungumzo yao. Aliondoka Januari kama ilivyopangwa, na Wacera aliziona picha zake kwenye simu ya mwanafunzi mwingine.

Siku ile jua lilipoanza kupungua Wacera akaaga. Mama Walubengo akamwita Pauline amsindikize mgeni mpaka barabarani, kwa sababu mgeni husindikizwa hata kama amekuumiza. Msichana akatokea jikoni akiwa amebeba kile kiondo. Alikuwa na urefu ule ule wa Sellah na namna ile ile ya kuweka mabega. Wakatembea kando ya miwa. Barabara ilipoonekana Pauline akampa kiondo chake. Kilikuwa kitupu. Kwa akina Wacera, tangu Nyeri mpaka Kachibora, kiondo cha mgeni hakirudishwi kitupu, hutiwa hata mahindi mawili, na alipokipokea mkono wake ukapanda juu kwa wepesi asioutarajia.

"Wewe ndio ulimfundisha," Pauline akasema.

"Ndiyo."

"Siku ile alikuja kutoka Kiminini, akanipata nimeshajua. Akakaa kwa kitanda yangu. Akafungua mdomo, hakuna kitu ilitoka. Kila siku anakuja anakaa hivyo, halafu anaenda." Alikuwa anatazama barabara, si uso wa Wacera. "Sasa hata akisema, ni ile nimeona kwa simu. Ati atasema nini mpya?"

Wacera akahamishia kiondo mkono wa pili.

"Lakini wewe alikuambia yote. Mara nyingi, si ndio? Niambie vile alisema. Si ile ya kanisa. Ile yenyewe."

Na Wacera alikuwa nayo. Alikuwa nayo yote, Jumatano kwa Jumatano. Alijua maneno ya mwisho ambayo kwa bahati hayakumtoka kanisani, kwamba hakuna siku Sellah amesahau. Aliyasikia yamesimama mlangoni mwa mdomo wake, na msichana huyu aliyahitaji kuliko chakula. Akafikiri kwamba akiyatoa, Sellah hatabakiwa na hata hayo. Akafikiri kwamba asipoyatoa, huenda mtoto asiyasikie kamwe. Akahesabu kumi na tano, na hesabu haikumsaidia.

"Hayo ni ya mama yako, Pauline," akasema mwishowe. "Siwezi kuyasema. Mngoje."

Pauline akamtazama kwa mara ya kwanza. Hakuwa na hasira usoni, alikuwa amechoka tu, kama mtu mzima.

"Kanisa mzima uliambia," akasema. "Ati ikifika kwangu ndio umejua kunyamaza?"

Akainamisha kichwa kidogo, kwa heshima. Kisha akageuka, akarudi nyumbani kwa njia ile ya miwa.